Tiki ya Mama Neema

Jumamosi iliyopita mlinibana pale barazani Nangara, nyie vijana wa kikundi cha kusoma, mpaka nikaondoka bila kumaliza chai. Mmoja wenu, simtaji, akasema, "Bibi, hao watu walikuwa wanatoka kweli, au ni wewe tu unawalazimishia mapenzi?" Mwingine akadakia, "Leta ushahidi, Bibi." Mkacheka, nami nikacheka, kwa sababu swali hilo nilianza kuulizwa sijaota mvi hata moja, na aliyeniuliza wa kwanza hakucheka kabisa.

Nimeona niwajibu kwa maandishi. Kwa mdomo mnanikatisha.

Nianze na wale ambao hawakuwepo. Kitabu tulichokuwa tunabishania ni *Mwavuli wa Karani*, riwaya ya zamani ambayo wazazi wenu waliisoma shuleni na wengi wakaisahau siku ya mtihani. Ni hadithi ya shamba la mkonge. Yupo meneja mkali, wapo wafanyakazi wanaodai haki zao, yupo Lazaro, karani wa shamba, na yupo Bi Nuru, mama anayewapikia wafanyakazi chakula cha mchana nje ya geti. Mwisho wafanyakazi wanashinda. Mwalimu anasema kitabu kinahusu umoja, mnaandika umoja, mnapata maksi. Na ni kweli kinahusu umoja. Lakini Karani Lazaro anasahau mwavuli wake kwa Bi Nuru mara tisa, na mara zote tisa anarudi kuufuata. Hakuna mahali mwandishi amesema wanapendana. Hawashikani hata mkono. Sura ya mwisho wamekaa benchi moja wanaangalia watu wakicheza ngoma, basi, kitabu kimeisha.

Mimi nimeishi na kitabu hicho kuliko nilivyoishi na mtu yeyote.

Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, miguu tu ilikuwa inaniwasha. Nimepalilia mpunga Magugu, nimekaanga perege pale ziwani, nimewapikia wajenzi wa barabara kule Bonga, nimekata tiketi stendi. Kila kazi nikishaijua vizuri naanza kuichoka, naangalia upande mwingine. Nilipokuwa stendi abiria mmoja akasahau *Mwavuli wa Karani* kwenye kiti cha basi. Nilimngoja wiki tatu arudi kukiulizia. Hakurudi, na katika wiki hizo tatu nikawa nimekisoma mara nne kwa sababu sikuwa na kingine. Nawaambieni, hakuna shule ya kusoma inayozidi kuwa na kitabu kimoja tu. Mara ya kwanza unafuata mambo yanayotokea. Mara ya pili unaanza kuwaangalia watu. Mara ya tatu unaona walichokuwa wanafanya wakati wengine wanaongea.

Mara ya nne nikaenda kwa Mzee Sefu.

Mzee Sefu alikuwa na duka la kanga na sufuria karibu na soko. Nyuma ya kaunta, mahali ambapo wengine wangeweka mizani, yeye alikuwa na rafu ya riwaya za kukodisha. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwuliza kama anacho kitabu cha pili, kile ambacho Lazaro anamwoa Bi Nuru.

"Kwa nini amwoe?"

"Si anampenda."

"Nani kasema?"

"Inaonekana."

Akachukua kitabu mkononi mwangu, akakiweka juu ya kaunta, akakisukuma kurudi kwangu. "Nionyeshe ukurasa."

Sikuwa nao. Nikarudi kesho yake na kitabu kimejaa njiti za kiberiti, tisa, kila moja mahali mwavuli ulipobaki. Mzee Sefu akazipitia zote kwa uvumilivu.

"Huu ni usahaulifu," akasema.

"Mara tisa, mzee?"

"Mimi nimesahau miwani yangu kwa kinyozi zaidi ya mara hizo, na sina mpango wa kumposa kinyozi. Usiniletee alichosahau. Niletee alichofanya akiwa na akili zake timamu."

Ndiyo jibu la kwanza kwenu. Mtu akiniambia fulani anampenda fulani kwenye kitabu, nami namwambia anionyeshe ukurasa. Siku ile nilikasirika, lakini sikuondoka. Nilikwenda kwa swali moja nikabaki dukani kwake miaka, nikishona vitabu vyake vilivyochanika, na alipofariki, watoto wake, ambao hawakuwa watu wa riwaya, wakanipa rafu nzima. Nikafungua kibanda changu jirani na stendi. Watu wakaniita Mama Riwaya. Wageni walikuwa wananiuliza huyo Riwaya ni mtoto wa ngapi.

Mnadhani kukodisha vitabu ni kukaa. Kitabu kinachopita kwenye mikono ya mji mzima kinarudi mgonjwa. Kuna kinachonuka samaki, kuna kilichofanywa mto wa mtoto, kuna kilichokatwa karatasi moja ya kufungia karanga. Nilishona migongo kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na maji ya majani ya mwarobaini ili wadudu waisuse. Jalada nilivika karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, picha ikiwa ndani. Na kila kitabu kilichorudi nilikisafisha kabla hakijatoka tena. Alama za penseli nilizifuta kwa mkate. Ndiyo, mkate. Unachukua nyama yake ya ndani, unaikanda mpaka iwe laini kama udongo, unapitisha polepole kwenye karatasi. Ufutio wa dukani unachuna karatasi kuukuu, mkate hauchuni. Mzee Sefu alinifundisha hivyo, na nilijivunia. Vitabu vyangu vilitoka visafi kiasi kwamba hakuna mteja aliyewahi kujua kuwa vimesafishwa.

Hilo la mwisho mlishike. Nitalirudia.

Gundi nayo ilinifundisha somo. Wakati bado niko kwa Mzee Sefu nilishona nakala moja ya *Mwavuli wa Karani* kwa haraka, gundi ikamwagikia ndani, ukurasa wa sitini ukagandana na wa sitini na moja. Sikuona. Sasa, ukurasa wa hamsini na tisa mke wa meneja anaingia ofisini kwa Lazaro na kufunga mlango. Unafunua, unajikuta ukurasa wa sitini na mbili, Lazaro anafunga vifungo vya koti. Vijana, nakala ile ilitafutwa. Watu wazima wenye heshima zao walikuja kuiulizia kwa sauti ya chini. Dereva mmoja wa lori aliniapia kwamba mke wa meneja ndiye mapenzi ya kweli ya Lazaro, na kwamba Bi Nuru ni kisingizio. Nikaanza kuamini hata mimi.

Mzee Sefu akatia birika jikoni, akashika kitabu juu ya mvuke, akapenyeza kisu butu. Kurasa zikaachana. Ndani yake: mvua imemlowesha Lazaro, mke wa meneja ameleta ujumbe wa mumewe, ameuacha mezani na kutoka, Lazaro anavaa koti kavu. Kwisha. Yule dereva alikuja kulalamika kwamba tumeharibu kitabu.

Nawaona hata nyie kwenye kikundi. Mwandishi akiruka jambo, mnaingia hapo kwa miguu miwili na kujenga nyumba. Pengine lililorukwa ni mvua tu.

Siku za mnada nilikuwa na mteja mwingine, Lekishon, mfugaji wa Simanjiro. Alikuwa anakuja na ng'ombe, akishauza anakaa kwenye benchi langu na kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayehesabu mifugo inayoingia zizini. *Mwavuli wa Karani* kilimchukua minada mitano. Alipofika sura ya tatu, ile ya ukame, akaniita.

"Huyu karani anaoa."

"Umeona nini?"

"Maji." Akaniwekea kidole. Lazaro amepata ndoo moja ya maji kutoka bomba la meneja. Anawanywesha mbuzi wawili wa Bi Nuru, halafu yaliyobaki anampa punda wake. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi kuliko umri wa baadhi yenu.

"Ni wema tu," nikasema, nikijitia Mzee Sefu.

"Mama, mnyama wako umempanda asubuhi nzima, ulimi uko nje, halafu unamnywesha wa jirani kwanza? Mbele ya macho yake? Huo wema mimi siujui."

"Lakini kitabu kinaisha hawajaoana."

Lekishon akafikiri. "Basi kitabu kimeisha mapema," akasema.

Hilo ndilo jibu la pili, na ushahidi mlioutaka. Mimi ninayesoma sana sikuliona. Aliliona mtu anayejua kiu ya punda. Kwa hiyo msisome mkiwa mmekaa tu ndani. Nendeni mkafanye kazi za watu, mkapike, mkachunge, mkashone, halafu mrudi kwenye ukurasa ule ule.

Sasa niwaambie la kunitia aibu.

Kibandani kwangu palikuwa na wateja wawili wa kudumu. Mmoja alikuwa Mama Neema, fundi cherehani wa Nangara, mjane, bintiye Neema ameolewa Singida. Wa pili alikuwa Baba Eliya, bwana mifugo mstaafu, mkewe alifariki muda mrefu, kijana wake Eliya yuko Dodoma. Mama Neema alikuwa na ulimi. Baba Eliya alikuwa na ukimya wa mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe. Walikutana benchini kwangu kwa ajili ya Lazaro, na walikuwa hawakubaliani hata kidogo.

"Anampenda," Baba Eliya alikuwa anasema.

"Hampendi. Ni mzembe. Marehemu mume wangu alisahau hata harusi ya dada yake, tulikuwa tumeshavaa."

"Mbuzi je?"

"Mbuzi wana kiu, amewapa maji. Ulitaka awape nini? Mwanaume akimpenda mtu si aseme? Mdomo anao, sura ya tano anahutubia wafanyakazi saa nzima."

"Kuhutubia ni rahisi," Baba Eliya akajibu, akaangalia viatu vyake.

Nami nimekaa katikati yao na sindano yangu ya magunia, nafurahia kama niko sinema. Nawachokoza, nawakumbusha sura ya nane, pale Lazaro anasimama mlangoni kwa Bi Nuru, anaangalia mawingu na kusema, "Nimechoka kuondoka hapa kila jioni." Shuleni mnafundishwa kwamba hapo amechoshwa na kazi ya ukarani. Nilikuwa na nakala moja tu iliyobaki ya kitabu hicho, nao wakawa wanapokezana: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Watu wazima wawili wanaokodisha kitabu kile kile mara ya tano, ya sita. Nami, bingwa wa kuona mapenzi, nikasema moyoni kwamba kumbe riwaya za zamani bado zina soko.

Siku moja ya mnada, watu wamejaa, Baba Eliya akarudisha kitabu, na Mama Neema alikuwa amesimama hapo hapo anakingoja. Sikupata nafasi ya kukisafisha. Kikatoka mkononi mwa mmoja kikaingia mkononi mwa mwingine. Baada ya wiki Mama Neema akakirudisha, nikakipitia kwa mkate kama kawaida, nikaona kuna mstari wa penseli mahali na kitiki kidogo chini yake. Nikafuta. Baba Eliya akakichukua. Wiki iliyofuata amekirudisha, sura ya nane ina mstari. Nikafuta. Mama Neema akakichukua.

Akakirudisha siku ya pili tu. Hakukaa benchini.

"Hiki sikitaki tena," akasema. "Wala kingine."

"Kuna nini, Mama Neema?"

"Macho yamechoka." Akaondoka. Macho yake yalikuwa yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Baba Eliya alikuja Jumanne. Amevaa shati la safari. Akanieleza kwamba Eliya amekuwa akimsihi ahamie Dodoma, nyumba ipo, wajukuu wapo, na sasa amekubali. Basi ni Alhamisi asubuhi. Nyumba ya hapa ameshampangisha mwalimu mmoja. Akanishukuru kwa vitabu. Halafu akasimama kama ng'ombe aliyefika kwenye mfereji.

"Ukimwona Mama Neema," akasema, "mwambie nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Yeye anajua. Nilimwuliza jambo humo kitabuni. Akalifuta. Nikajaribu tena, akakirudisha kitabu moja kwa moja. Sina kinyongo, mwambie. Amefuta vizuri, hata alama haikubaki."

Mkononi nilikuwa na mkate.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Mdomo ulikataa. Kabla sijaupata, ameshapanda bodaboda, anakwenda Bonga kuwaaga ndugu.

Nikakichukua kitabu nikaenda nacho dirishani. Penseli ukiifuta, weusi wake unatoka, lakini mkono wa mtu unabaki umeikandamiza karatasi. Ukiinamisha ukurasa jua lije kwa ubavu, mfereji unaonekana. Ukurasa wa arobaini na moja, pale Lazaro anapomwuliza Bi Nuru, "Nikipita kesho nitakukuta?", palikuwa na mfereji ulionyooka, wa rula. Nani mwingine anapiga mstari kwa rula katika riwaya kama si mtu aliyejaza ripoti za chanjo maisha yake yote. Chini yake palikuwa na tiki, fupi, yenye mkia, ile ile ambayo mafundi wanaweka kwa chaki kwenye kitambaa, mahali pa kukata. Sura ya nane, mstari wa rula tena, chini ya maneno "Nimechoka kuondoka hapa kila jioni." Chini ya huo hapakuwa na kitu.

Mnaona nilichofanya. Baba Eliya aliuliza, Mama Neema akajibu ndiyo, mimi nikafuta vyote. Baba Eliya akakuta swali lake limefutwa, akajua amekataliwa. Mama Neema naye akangoja apite, hakupita, akaja kukuta tiki yake imefutwa, akajua amechezewa. Kila mmoja akaamini ni mkono wa mwenzake. Mtaniuliza kwa nini hawakupigiana simu. Simu zilikuwepo. Lakini hakuna aliyekuwa na namba ya mwenzake, na kuomba namba kungekuwa tayari ni kusema. Nyie mnapigia mstari kwenye simu zenu na mstari unakaa mpaka kiama. Hamjui hatari tuliyokuwa tunaishi nayo.

Ningeweza kumkimbilia Baba Eliya Bonga nikamwambia alikubaliwa. Lakini jibu halikuwa langu, na mjane katika mji huu, neno lake likipita kwa mtu wa tatu, jioni liko sokoni. Nikaenda Nangara.

Mama Neema alikuwa anashona sare za shule. Hakusimamisha cherehani.

"Karibu. Kama umeleta kitabu, kirudishe ulikokitoa."

"Sijaleta. Nimekuja kusema kosa langu."

Nikamweleza. Mkate, penseli, mara mbili. Cherehani ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Ulifuta."

"Nilifuta."

"Kwa nini?"

"Ni usafi, Mama Neema. Kila kitabu nafanya hivyo."

"Wewe mwanamke unayeona mapenzi kwenye ndoo ya maji ya mbuzi. Ukaona penseli ya watu wawili wanaokaa mbele yako kila wiki, ukaona ni uchafu."



"Yeye anadhani ulifuta wewe," nikasema. "Keshokutwa asubuhi anahamia Dodoma."

Akachukua mkasi, akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. "Sasa unataka nifanyeje? Nimfuate mwanaume nikamwambie mimi niliweka tiki? Kwa umri huu? Neema akisikia?"

"Naweza kumwambia mimi."

"Wewe kaa. Umeshatusemea vya kutosha." Akaanza tena kushona. Nilipofika mlangoni akauliza, bila kugeuka, "Basi lenyewe linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."



Alhamisi nilikuwa stendi kabla ya jua. Baba Eliya alikuwa ameshakaa dirishani, begi lake la kijani liko kwenye buti pamoja na sanduku lake la vifaa vya mifugo ambavyo sijui alitaka kuvifanyia nini Dodoma. Akanipungia mkono. Nikapunga. Saa kumi na mbili na robo, hakuna mtu. Na ishirini, hakuna mtu. Nikaanza kuelekea basi, nimeshaamua kusema mwenyewe na lawama nibebe, ndipo bajaji ikaingia ikipiga honi. Mama Neema akashuka. Futi ya kupimia bado iko shingoni, nadhani alikuwa hajui.

Akanipita. Akaenda mpaka chini ya dirisha.

"Habari za asubuhi, Baba Eliya."

"Nzuri, Mama Neema." Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono.

"Ukurasa wa arobaini na moja sikufuta mimi. Aliyefuta ni huyu." Akanionyesha bila kunitazama. Basi zima likanitazama. "Anafuta vitabu vyote kwa mkate. Mimi niliweka tiki."

Konda alikuwa anafunga buti. "Mama, unapanda au unaaga?"

"Nikishajua nitakwambia."

"Tiki ya nini?" akauliza mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya, kiti cha nyuma ya Baba Eliya. Jirani yake akamwambia nyamaza tusikie.

Baba Eliya alikuwa ameshika kioo cha dirisha kwa mikono yote miwili. "Na ile ya sura ya nane?"

"Ipi ya sura ya nane?"

"Hukuiona?"

"Kitabu kilikuja kisafi kama sahani."

Akanigeukia mimi. "Hata hiyo?"

"Hata hiyo," nikasema.

"Ilikuwa inasema nini?" Mama Neema akauliza.

Nikafungua mdomo, maana nilikuwa naijua, nilikuwa nimeisoma kwa jua la ubavu mpaka shingo ikauma.

"Sikukuuliza wewe," akaniambia.

Baba Eliya akainuka. Akapita katikati ya watu akiomba samahani kwa kila goti, akashuka, akasimama mbele yake. Dereva akawasha injini. Nikasogea hatua mbili, nikainamisha sikio, sioni aibu kuwaambia. Nilimwona akisema. Halikuwa jambo refu. Kama alitumia maneno ya Lazaro au yake mwenyewe sijui mpaka leo, injini ya basi lile ilikuwa mbovu na inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na wao hawajawahi kuniambia, na safari hii sikuwa na karatasi ya kuinamisha.

Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho. Akavua ile futi shingoni, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba. Halafu akamgeukia konda.

"Mimi sipandi," akasema, "na siagi mtu. Lile begi la kijani, lishushe. Na sanduku."